Mwongozo kamili: kuendesha kiwanda kidogo cha kubangua korosho bila kufukiza mtaa wala kumaliza kuni

Kila nikisema kiwanda chetu kinajaribu kujali mazingira, swali la kwanza ni "mna sola?" Tunayo, paneli mbili, zinawasha taa na mashine ya kubana mifuko, basi. Kilichobadilisha mambo kwetu ni mizani ya saa ya kilo 100 niliyoinunua ya mtumba na kuitundika mlangoni, maana ndo ilinionyesha kwamba kila siku nanunua mzigo kwa hela yangu halafu theluthi mbili yake naenda kuumwaga nyuma ya uzio.

Niko Mtwara, nabangua na kikundi cha kina mama kumi na kitu, msimu ukikaa vizuri tunaingiza kama kilo 300 za korosho ghafi kwa siku. Nitakayoandika hapa ni ya viwanda vya saizi hiyo, wale wa tani 20 kwa siku wana mainjinia wao hawanihitaji mimi. Ila hata kama unakaanga karanga au una kiwanda cha ubuyu, mpangilio wa hatua ni uleule, badilisha tu neno ganda.

Kabla ya hatua zenyewe. Miaka yote korosho nyingi ya kusini inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, yaani meli inabeba na maganda yake. Ukibangua hukuhuku unasafirisha kilo 22 mpaka 25 badala ya kilo 100, hilo peke yake ni jambo jema kwa mazingira hata kabla hujanunua kifaa chochote. Tatizo ni kwamba ule uchafu uliokuwa unaondoka na meli sasa umebaki uani kwako, na majirani wanaujua ulipo.

Hatua ya 1: pima kwa wiki mbili, usibadilishe kitu

Chukua kaunta buku, chora safu: korosho ghafi zilizoingia, karanga nzima (karanga kuanzia hapa ni ile kokwa ya ndani ya korosho), vipande, maganda, kuni, uniti za umeme wa LUKU, ndoo za maji. Kuni zipimwe kwa kilo, sio kwa "mzigo", mzigo wa leo sio mzigo wa jana hilo kila mtu analijua. Uniti za LUKU soma zilizobaki asubuhi mkifungua na jioni mkifunga, ukinunua umeme katikati ya siku ongeza hapo. Maganda yapime yakiwa yametoka kubanguliwa siku hiyohiyo, kabla hayajanyeshewa.

Sisi kwa kilo 300 za ghafi tunapata karanga kama kilo 66 mpaka 75, maganda magumu kilo 200 na ushee, kinachobaki ni ganda laini (ile ngozi nyembamba inayoshika karanga) na unyevu uliokwenda na hewa. Kwa siku 25 za kazi hizo ni tani 5 za maganda kwa mwezi. Nilipiga hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Mwisho wa wiki mbili gawanya kilo za kuni kwa kilo za karanga mlizotoa, na uniti za umeme vilevile. Unapata namba mbili, ziandike ukutani kwa chaki, mwongozo wote huu kazi yake ni kuzishusha hizo.

Na usikae ofisini kusubiri daftari, kaa pale pale uangalie. Mimi nilikaa nikaona kijana wetu wa moto anawasha saa 11 alfajiri kwa bidii zake zote, pipa linachemka saa 12, korosho zenyewe zinaingia saa 1 na nusu kwa sababu mwenye ufunguo wa stoo anatoka Mikindani na bodaboda. Saa nzima na nusu ya kuni inapasha hewa ya bahari. Tuliutatua kwa kumpa yule kijana ufunguo wa akiba, gharama shilingi 2,000 kwa fundi wa funguo.

Hatua ya 2: korosho mbovu inakula kuni sawa na korosho nzuri

Hii watu wanaiona ni ya biashara haihusiani na mazingira, mi naona ndo yenyewe. Korosho iliyooza ndani unaipika, unaibangua, unaikausha, mwisho unaitupa, moto wote ule umepotea.

Pima kabla ya kupokea. Chota korosho toka magunia tofauti, juu katikati na chini, changanya, pima kilo 1, zipasue zote kwa mkasi, toa zilizooza, zilizosinyaa na zenye madoa, pima karanga nzuri na ganda lake laini. Wanunuzi wakubwa wanahesabu kwa ratili za karanga kwenye gunia la kilo 80, kwa hiyo ukisikia mtu anasema korosho ya 48 anamaanisha kama kilo 21.8 kwenye gunia, yaani gramu 272 hivi kwenye kile kilo chako. Usishangae ukimaliza kazi ukapata pungufu ya hapo, ganda laini limetoka na unyevu umekwenda.

Unyevu wa ghafi uwe kati ya asilimia 8 na 10. Kama huna kipimo tikisa korosho kavu sikioni utaisikia inagonga ndani, mbichi iko kimya. Na anika kwenye turubai au sakafu, sio kwenye mchanga.

Hatua ya 3: maganda (hapa ndo tutakaa)

Kwanza ujue unashika nini. Katikati ya kuta mbili za ganda la korosho kuna mafuta meusi mazito, kwa uzito ni kama robo ya ganda zima, kuna yanayozidi kidogo na yanayopungua. Yale mafuta yanababua ngozi, kila aliyekulia Mtwara au Lindi ana kovu lake la utotoni la kuokota korosho na kuzichoma kwenye bati bovu. Ukiyamwaga maganda ardhini mvua ikayapiga, mafuta yanashuka, pale mahali majani hayaoti kwa muda mrefu. Ukiyachoma ovyo kwenye shimo, unapata ule moshi mweupe unaokata macho na koo. Huo moshi ni mafuta yaleyale yamepaa bila kuungua.

Ndo maana "tunachoma maganda" sio jibu mpaka useme unachomaje.

Hifadhi: tengeneza banda, paa la bati, sakafu ya saruji yenye kingo ya tofali moja pembeni ili kinachochuruzika kisitoke, mbali na kisima na mbali na karanga. Rundo lisizidi kifua cha mtu, na usiweke karibu na tanuri hata kama ni rahisi kubeba. Maganda yana mafuta, yakishika moto ndoo yako ya mchanga haitoshi.

Baada ya hapo una njia tatu.

Ya kwanza ni kukamua. Kilo 100 za maganda kwa mashine ya kukamua zinaweza kukupa kilo 15 mpaka 20 za mafuta, na mafuta haya yana kazi duniani, yanaingia kwenye rangi, kwenye pedi za breki, na kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Mashudu yanayobaki yanaungua kwa moshi mdogo zaidi kuliko ganda zima. Kwa upande wa mazingira hii ndo njia bora, sibishi. Lakini mashine ni hela nyingi na kwa kilo 200 za maganda kwa siku utakuwa unaiwasha saa chache inalala, kwa hiyo ushauri wangu ni vikundi vitatu vinne viungane, au mpeleke maganda kwa mwenye mashine, na MSINUNUE kabla hamjapata mnunuzi wa mafuta wa kuandikishana naye. Nimeona mapipa ya mafuta yamekaa uani kwa mtu miaka, yanavuja, yaani katoa uchafu kwenye ganda akauweka kwenye pipa.

Ya pili ni mkaa wa maganda. Unayageuza makaa kwenye pipa lenye hewa kidogo, unasaga, unachanganya na uji wa muhogo (muhogo huku si wa kuutafuta), unabana, unaanika. Mkaa unaotoka ni mzuri. Shida ni ile hatua ya kugeuza makaa: mafuta yote yanatoka kama mvuke, usipoyapitisha kwenye moto yakaungua umewafukiza watu kuliko hata kwenye shimo. Anza na mashudu yaliyokamuliwa, na ufanyie shamba sio mtaani.

Ya tatu ndo yetu, kuyachoma kwenye tanuri la kueleweka na ule moto ndo unachemsha maji ya mvuke wa kupikia korosho. Kuni tumebakiza za kuwashia tu.

Tanuri letu la kwanza lilikuwa aibu. Fundi alitujengea kwa block za simenti, mlango mkubwa, dohani fupi imeishia chini ya paa la jirani, tukajaza maganda koleo tatu kwa mpigo tukafunga. Moshi ulilala mtaani kama ukungu, msikitini watu wakakohoa swala nzima, jioni mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee wawili, hawakugomba, walikaa tu wakaangalia tanuri halafu mzee mmoja akaniuliza "hili mwanangu ulilipia?" Block zenyewe zilipasuka wiki ya pili maana simenti haihimili moto ule.

La pili tulilijenga hivi:

Tofali za udongo za kuchoma, kuta mbili za tofali na katikati nafasi imejazwa majivu. Udongo wa kujengea ni wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, sio simenti. Chumba cha moto kimetengana na pipa la maji, moto unaungua kwanza chumbani halafu joto ndo linapita chini ya pipa. Ukiweka pipa juu ya moto moja kwa moja maji yanaupoza moto kabla mafuta hayajaisha kuungua, unarudi kwenye moshi. Chini kuna wavu wa nondo nene, hewa inaingia chini ya wavu, NA kuna matundu mengine ya hewa juu ya usawa wa moto. Hayo ya juu mafundi wengi wanayasahau, na ndo yanaunguza ule mvuke wa mafuta. Dohani ipite juu ya mapaa yote ya karibu.

Kuendesha: washa kwa kuni kavu dakika 15 mpaka 20 hadi tofali za ndani zipate moto kabisa, usitie ganda kabla. Halafu maganda kwa kopo, kidogo kidogo, kopo moja ukiona la kwanza linaelekea kuisha. Inachosha ndio, inataka mtu wa kukaa pale. Moshi ndo kipimo chako: mweusi mzito ujue umejaza sana au hewa haitoshi, mweupe wa kuwasha macho ujue tanuri bado la baridi, ukiona juu ya dohani hewa inatetemeka tu bila rangi, hapohapo, endelea hivyohivyo. Jioni acha kutia maganda nusu saa kabla ya kufunga ili yaishe yenyewe, usiyazime na maji.

Kila wiki fungua dohani ukwangue, ndani inajenga lami inayonata, ikizidi inashika moto siku moja na dohani inaanza kuunguruma kama pikipiki. Majivu tunapeleka shambani kidogo kidogo, hatumwagi sehemu moja.

Na kitu kimoja sitaki ubishi: moto wa maganda haupiki chakula cha mtu na moshi wake haugusi karanga. Kuna waliosema mbona serikali ina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi, na wewe unachoma maganda? Mkakati ule ni wa kupikia, na ugali wa kikundi tunapika kwa gesi. Tanuri ni la kiwanda, lina dohani, lina mtu wake.

Mikono

Nimeiweka hapa kwa sababu mafuta ya ganda ndo yaleyale. Bibi mmoja wa kikundi chetu amebangua toka enzi za kugonga na rungu juu ya jiwe, viganja vyake havina mistari, vimelainika kama sabuni iliyoisha. Yeye anapaka mafuta ya nyonyo halafu anachovya mikono kwenye majivu, nilimletea glavu akavaa siku mbili akazirudisha zimekunjwa vizuri, kasema haisikii korosho. Glavu nyembamba za hospitali zinachanika ndani ya saa moja na zinaongeza taka, za mpira mzito zinafaa kwa wanaobeba na kumwaga maganda. Kwa wanaobangua kwa mashine ya mkono nyonyo na majivu bado inafanya kazi, ila wanaomenya ganda laini lazima mikono iwe misafi kabisa, tenganisha watu, tenganisha na meza, tenganisha na ndoo za kunawia.

Hatua ya 4: mvuke

Kupika kwa mvuke kumeshinda kukaanga kwenye sufuria wazi, moshi ni mdogo sana na karanga haziungui. Ila mvuke unapotea kirahisi mno.

Funika pipa lote, usiache chuma kinang'aa. Sisi tulilikandika udongo wa kichuguu na pumba za mpunga unene wa viganja viwili, mabomba tukayafunga pamba ya kioo na bati. Weka mkono juu, ukishindwa kuuacha pale hadi uhesabu kumi basi kuni zako zinatokea hapo.

Pika mfululizo. Awamu ya kwanza ndo inakula moto mwingi, kupasha chuma na maji, za pili na tatu zinapanda mgongoni kwake. Kwa hiyo badala ya kupika kidogo kila siku sisi tunapika siku tatu kwa wiki kutwa nzima, na korosho zenyewe zinataka kupoa usiku kucha kabla ya kubanguliwa kwa hiyo ratiba inakubali.

Usalama: pipa lililofungwa kabisa bila valvu ya usalama ni bomu, mwambie fundi hivyohivyo kwa neno hilo. Kama ni boila ya presha iwe na geji na valvu, ikaguliwe na watu wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), usione uvivu.

Maji ya kuchemsha yana habari yake pia. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, vinaacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika la chai, na ukoko ule unazuia joto kupita kwa hiyo unachoma zaidi kupata mvuke uleule. Maji ya mvua hayana ukoko. Hapa ndo maji ya paa yanalipa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, bati letu ni mita 8 kwa 12, mvua ya milimita 20 ukitoa inayorukia pembeni na kupotea unabaki na kama lita 1,500. Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, baadaye ni jua tu, kwa hiyo tenki kubwa ndo kila kitu. Maji ya mwanzo ya kila mvua yaache yapite, yameosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Sakafu fagia kavu kwanza, maji baadaye. Maji ya kuoshea eneo la kubangulia yana mafuta, yapitishe kwenye shimo la saruji lenye vyumba viwili na bomba la kupitishia likiwa chini, mafuta yanaelea chumba cha kwanza unayachota unayarudisha kwenye maganda. Mfereji wetu zamani ulikuwa unaelekea kwenye mikoko, nikiona sasa hivi ulipopita najisikia vibaya.

Hatua ya 5: umeme

Usianze na taa, anza na kinachopasha joto. Tanuri la umeme la kukaushia karanga lenye koili za kilowati 6 likiwaka kwa saa 8 ni uniti 48 kwa awamu moja. Taa 10 za wati 60 kwa saa 6 ni uniti 3.6, ukibadilisha LED za wati 9 ni 0.54. Badilisha ndio, ni rahisi, lakini umeona mwenyewe mlima uko wapi.

Jaribio la bure: funga mlango wa tanuri ukiwa umebana karatasi, ivute. Ikitoka kilaini joto linatoka hapo pia, zungusha pembe zote nne. Letu lilikuwa linavuja chini kote, tukabadilisha mpira wa mlango, uniti zikashuka wiki hiyohiyo.

Halafu hamisha joto. Karanga zinataka nyuzi 60 mpaka 70 kwa masaa, sio moto mkali, na hewa ya hivyo unaipata kwa kupitisha bomba la hewa safi pembeni ya tanuri la maganda, feni ndogo inaisukuma kwenye kabati la trei. Bomba lisiwe na tundu hata moja la kuingiza moshi, tundu moja na gunia zima la karanga linanuka. Miezi ya kiangazi tunaanza na kikaushio cha jua, sanduku lenye bati jeusi na kioo juu, tunamalizia na hewa ya tanuri. Weka kipimajoto usikisie, jua la Oktoba linaweza kuzikausha nje zikabaki mbichi ndani.

Koili tumeziacha, zinafanya kazi siku tanuri likiwa kwenye matengenezo.

Sola sasa. Taa, feni, mashine ya kubana mifuko, simu za watu, inatosha, usimkubalie fundi anayekwambia paneli nne zitaendesha tanuri la umeme. Tuko kama digrii 10 kusini mwa ikweta kwa hiyo paneli zinaelekea KASKAZINI na zilale kidogo tu, digrii 10 hadi 15, mvua iweze kuziosha. Video nyingi za mtandaoni ni za watu wa kaskazini mwa dunia wanasema elekeza kusini, jirani yangu kafanya hivyo na hataki kurudi juu ya paa. Nati na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, hewa ya chumvi hapa haina huruma.

Hatua ya 6: vifungashio, kwa kifupi na bila uongo

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, vifungashio vya bidhaa vina masharti yake, ulizia TBS (shirika la viwango). Nilijaribu mifuko ya kaki mitupu nikajiona mjanja, karanga zikalegea ndani ya siku chache kwa unyevu wa pwani, wateja wakarudisha, na korosho iliyotupwa ni hasara kubwa kwa mazingira kuliko mfuko ulioilinda. Kwa hiyo kwa za kusafiri tunatumia mifuko ya kuondolea hewa, tumeacha pakiti ndogondogo za gramu 50 isipokuwa mtu kaagiza, na kwa wateja wa hapa mjini tunajaza ndoo na chupa za kioo walizoleta wenyewe, tunapima mbele yao. Hiyo ya ndoo ilianza kama utani sasa ni sehemu kubwa ya mauzo ya hapa.

Agiza vifungashio mapema na vya msimu mzima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika pale Somanga, mzigo wangu ulikaa ng'ambo ya maji na karanga ziko mezani.

Magunia ya ghafi ni ya jute, yakung'ute, yashone, yarudishe kazini. Vipande usiuze kwa bei ya kutupa, saga siagi. Ganda laini tunalikusanya kavu linaingia tanurini, linasaidia kuwashia.

Mabibo (tunda la mkorosho) kama huna shamba hayakuhusu sana, yanabaki kwa mkulima. Lakini kama una mikorosho yako usiyaache yaoze chini yote, yanaanikwa yakakauka, yanatoa juisi, na uraka (pombe ya mabibo) wanaoujua wanaujua.

Makaratasi

Nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri KABLA ya kujenga tanuri, sio baada ya malalamiko. Peleka mchoro hata wa kalamu, sema maganda kilo ngapi, dohani mita ngapi, maji yanakwenda wapi. Ukiwa na lile daftari la hatua ya 1 unajibu kila swali, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) ukienda kutafuta mashine au mafunzo wanakusikiliza tofauti pia.

Lini ufanye nini

Minada ya korosho ikianza Oktoba hutapata muda wa kitu chochote, kwa hiyo rudi nyuma. Kupima wiki mbili fanya msimu ukiwa unaendelea, maana ukipima kiwanda kimelala unapima nini. Mei kusanya udongo wa kichuguu na tofali. Juni mpaka Julai jenga tanuri, banda la maganda na shimo la mafuta. Mifereji ya bati ifungwe kabla ya Novemba. Tanuri likiisha usiliwashe, liache likauke kivulini wiki tatu, halafu siku ya kwanza moto mdogo wa vijiti nusu saa tu, siku ya pili saa moja, hivyohivyo kwa wiki nzima, nyufa nyembamba zitatokea uzizibe kwa udongo uleule. Maganda yasiingie humo hadi wiki ya tano, na siku hiyo muite mwenyekiti wa mtaa aje asimame nje aangalie dohani, mi wa kwangu nilimuita, alikaa dakika 20 akauliza kama tumeshawasha.